Vifungo Viwili Sakafuni

Huo mkasi? Hapana, mkwe, sijausahau hapo. Nimeuning'iniza kwa uzi makusudi, na kama unataka kukata kitu nitakupa mwingine, ninayo mitano. Huo umestaafu kukata. Siku hizi ni mkaguzi. Kaa kwenye kiti hicho, siyo kile, kile kina mguu mwongo. Chakula bado, nawasikia jikoni wanabishana habari ya chumvi, kwa hiyo muda ninao. Na wewe umeoa humu, ya humu lazima uyajue.

Tuanze juu, halafu tutateremka mpaka kwenye mkasi. Angalia bati. Unaona katundu kale, kama kichwa cha kiberiti? Tundu la zamani, kabla ya hako, lilitokana na msumari uliong'oka, mwaka ambao shemeji yako mkubwa alikuwa bado anatambaa. Mvua ikinyesha naweka kikopo. Lakini jua likiwaka, tundu linashusha kidoa cha mwanga hapa sakafuni, duara safi, kubwa kama kifungo cha koti. Kinatembea. Unashona mkono wa shati, ukiinua macho kimeshasogea.

Mimi saa sikuwa nayo, basi nikachora huu mstari kwa msumari, kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati la vitambaa. Kidoa kikigusa mstari, naweka kazi chini, naita watu tule. Sasa, kinaugusa kila siku, lakini si mahali pamoja. Mwezi hata mwezi kinasogea, nusu mwaka kinaelekea kabatini, nusu mwaka kinarudi mlangoni. Kikifika mwisho wa safari yake kinakaa siku chache kama mtu anayefikiri, halafu kinageuka. Pale kinapogeukia nilitoboa sementi nikapachika vifungo. Cheusi kule kabatini, cheupe huku mlangoni. Miaka ishirini na sita, mkwe, kidoa hakijawahi kuniangusha. Bibi yenu ananiangusha, wateja wananiangusha, hicho kidoa hapana.

Basi, mwaka juzi, katikati ya mwaka, kikaenda kabatini kikageuka kabla ya kufika kwenye kifungo cheusi. Vidole viwili hivi. Nikasema ni macho yangu, nikafuta miwani. Mwisho wa mwaka kikaja huku mlangoni, na hapo miwani haikuwa na kosa. Kilipita kifungo cheupe kwa vidole vitatu. Siku nne mfululizo nimepiga magoti, napima, vidole vitatu.

Na joto la mwaka ule, wewe mwenyewe unalikumbuka. Mpaka pasi ilikuwa haihitaji makaa. Redioni wanasema joto ni moshi, moshi wa magari, moshi wa viwanda. Mimi nikajiambia, moshi gani, jua lenyewe limeacha njia yake na ushahidi uko sakafuni kwangu. Wanapima kwa mashine za ajabu huko, hakuna aliyekuja kuuliza fundi cherehani.

Nikamwambia kinyozi wa hapo jirani, yule tunayemwita Spika. Hilo lilikuwa kosa. Kufika jioni mtaa mzima unajua kwamba jua limehama na aliyeligundua ni mimi. Watu wakawa wanakuja kuangalia kifungo. Mwingine alileta mama yake.

Nisikufiche, nilivimba kichwa. Lakini aliyekuwa ananisumbua ni mmoja tu, huyu mjukuu wangu, dada wa mke wako, mwalimu. Mimi nimeishia darasa la nne. Yeye nilimshonea sare zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya chuo, na sasa anafundisha watoto wa watu sayansi. Tangu akiwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa namwambia mambo. Halafu akajua kuliko mimi, ikawa kila nikifungua mdomo ananisahihisha, kwa adabu lakini ananisahihisha. Nilitaka mara moja tu, kabla sijafa, aniambie, babu, umeona kweli. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Jua lilikuwa kisingizio.

Jumapili iliyofuata wamejaa humu. Meza tunayolia chakula ni hii hii ya kukatia, tunatoa vitambaa tunatandika kitambaa cha chakula. Wakati ule ilikaa kule, imeegemea kabati, watu tisa wameizunguka. Bibi yenu ameshaweka sahani. Nikasema, kabla hatujala, Mwalimu, njoo uone kitu.

Akaja, akasikiliza yote. Spika naye alikuwapo, si unajua anavyonusa chakula.

"Babu," akasema, "jua likihama kiasi hicho, watu duniani kote wangeshajua."

"Wanajua, hawasemi," Spika akadakia.

"Kinyozi, wewe wiki iliyopita ulisema mwezi una betri."

"Nilisema inawezekana."

Nikamwambia Mwalimu, "Mama, mimi sitaki habari ya watu wa duniani. Nataka unijibu hiki kifungo. Nimekosea kupima?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akanivua futi shingoni, akapiga magoti na gauni lake la Jumapili, akapima. Kidoa kilikuwa hapo hapo kwenye mstari. Akapima mara mbili.

"Hujakosea kupima," akasema. "Vidole vitatu kweli."

Spika akapiga makofi. Bibi yenu akasema, "Sasa kama jua limehama ndiyo wali upoe?"

Lakini Mwalimu alikuwa bado chini. Akauliza, "Na kule kwenye cheusi, babu? Kilipita vile vile?"

"Kule hakikufika. Kilipungukiwa vidole viwili."

Akaangalia cheusi, akaangalia cheupe. Halafu akasema pole pole, kama anavyoongea darasani nadhani. "Kama jua ndilo lililozidisha safari, kingepita huku na kingepita kule. Safari ingerefuka. Hii haikurefuka, babu. Imehama nzima nzima, imekuja upande wa mlangoni. Sasa kati ya jua na sakafu kuna nini?"

"Kuna bati," nikasema.

"Kuna tundu. Na bati limekaa juu ya nini?"

Nikageuka nikaangalia kabati. Kabati lile lilijaa majora ya vitambaa toka chini hadi kwenye bati, ukuta nyuma yake sikuwa nimeuona miaka mingapi sijui. Na bibi yenu alikuwa ananilalamikia miezi mizima kwamba majora ya chini yananuka ukungu. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni hali ya hewa imebadilika.

"Nipe uzi," Mwalimu akasema. "Na kitu kizito."

Nikamfungia huo mkasi kwenye uzi wa kushonea jinzi. Tukatoa majora, sote, hata Spika alibeba. Tukasogeza kabati. Akapanda kiti, akabana ncha ya uzi na ukuta kule juu kabisa, mkasi ukateremka, ukazunguka zunguka, ukatulia. Juu uzi unagusa ukuta. Chini kwenye sakafu umeachana nao.

Hakuna aliyeniambia nipime. Niliinama mwenyewe nikaweka vidole. Kimoja, viwili, vitatu. Vikaenea sawasawa.

Ukuta ulikuwa umetuinamia. Bomba la maji linalopita chini yake lilipasuka, sijui tangu lini, linanyonyesha msingi taratibu. Sakafu pale ilikuwa laini, kidole kinaingia. Na sisi kila Jumapili tunakula chini yake, tunaomba tuongezewe mchuzi.

Bibi yenu ndiye aliyezungumza wa kwanza. Akasema, "Haya, sahani nje." Basi. Hakuna aliyebisha. Tukabeba meza, tukabeba cherehani zote mbili, vyungu, viti, mpaka mguu mwongo ule ulitoka. Mwalimu akafunga maji kwenye mita. Nikafunga mlango na kufuli.

Jumatatu mwashi akaja, akausogelea ukuta akaugusa kwa kiganja kama anayemgusa mtu mwenye homa, akatoka bila kugeuka nyuma. Akaweka nguzo mbili, akasema ataleta watu Alhamisi. Jumanne mchana tuko uani, tunasikia ndani kama mtu ameshusha magunia. Tulipofungua, nguzo zilikuwa zimeshikilia kipande cha ukuta cha pembeni, na ukuta uliobaki umelala chali pale pale meza ilipokuwa. Jora moja la kitambaa cha sare nililolisahau lilikuwa chini yake. Sikuliuliza tena.

Jioni hiyo Mwalimu akaja mbio kutoka shuleni, kwenye masomo ya likizo, bado ana chaki mikononi. Akasimama mlangoni akaangalia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusahihishwa, nikamwambia kabla hajaanza, "Najua. Jua halikuhama."

Akasema, "Babu, nimekula chini ya ukuta huu kila Jumapili, nina cheti changu, sikuona kitu. Wewe uliona kweli."

Nikajifanya natafuta miwani.

Spika hakunyamaza, usidhani. Alipita mtaani kote akisema, mimi si niliwaambia kuna kitu kimehama.

Baadaye nilimuuliza Mwalimu habari ya joto, maana hilo lilibaki. Ukuta umeinama, sawa, lakini joto halikutoka kwenye ukuta. Akaniambia joto ni kweli na moshi ni kweli. Nikamuuliza wao wanajuaje kwamba kuta zao hazijainama. Akafurahi mpaka akakaa chini. Akasema ndiyo kazi yenyewe, babu. Kuna watu kila nchi, kila mmoja na vifungo vyake, wengine baharini, wengine kwenye barafu, na kila mmoja anamtafutia mwenzake kosa, anamtundikia mkasi. Wameviziana hivyo miaka mingi, na bado vidole vinakuja vilevile. Hapo nikakubali. Mtu anayekubali kutundikiwa mkasi namwelewa, ndiyo maana na huu nimeuacha hapo, ukuta mpya ujue unaangaliwa.

La dunia kuzunguka, hilo bado tunalo. Nimemwambia nimekaa kwenye cherehani miaka hamsini na hakuna siku uzi ulipeperuka. Ameahidi kunijibu. Sina haraka.

Tundu? Mwashi aliweka bati jipya zima. Nililia, sikufichi. Mwalimu akapanda mwenyewe juu na msumari na nyundo, mimi niko chini nampigia kelele, kushoto, rudi, hapo, nafuata mlio wa msumari mpaka ulipofika pale pa tundu la zamani. Akatoboa, kidoa kikakaa kwenye mstari. Mwisho wa mwaka uliofuata kikaja kikalala juu ya kifungo cheupe kama hakijawahi kwenda popote.

"Babu, umemwanzia mgeni habari ya mkasi?"

Mwalimu ndiye huyo, na bakuli. Nimemaliza, mama, nimefika kwenye bati. Mkwe, sogeza miguu apite. Angalia chini, umeona? Kimeugusa mstari. Spika, nimekuona, huna haja ya kubisha hodi, nawa mikono uje. Mke wako huyo na maji ya kunywa. Bibi, acha jiko, chumvi imetosha, njoo. Wewe kaa hapa karibu nami, na Mwalimu pale mbele ya mkasi wake. Mguu mwongo nitaukalia mimi, tumezoeana. Haya, tumekaa wote. Anza wewe, mgeni.