Ule wa Kofia ya Buluu

Sibomana na Muderhwa balikomalea toka utoto Kadutu, kule Bukavu, parsele moja, uwanja moja, mulango inaangaliana na mulango. Kila Jumapili, siku ya Mungu, misa ikiisha tu, batoto ya avenue yote balikuwa banajaa ku dirisha ya jirani mwenye televizyo, bananing'inia pale kama popo, juu ya ile desene, katuni ya magari ya mbio. Ilikuwa inasema Kifaransa. Na Kifaransa, nani alikuwa anaijua? Hata mumoja. Njo Muderhwa akakuwa mwenye kuelezea. Makamasi inashuka, tumbo inje, anasimama mbele ya benzake: "Sasa ule wa kofia ya buluu anamuambia ule munene, leo utakula vumbi yangu!" Batoto banapiga makofi. Mumoja akiuliza, "Weye umejulia wapi?" Muderhwa anamujibu, "Kama hutaki, enda usikilizie kwenu." Na kwao haikukuwa televizyo.

Ile sehemu ya mwisho njo balipenda kupita zote. Ule wa kofia ya buluu anafika ku mulima ya viraje mingi, kona juu ya kona, anazima moteri, gari inashuka kimya, inapita benzake bote bila hata kusikia, inaingia mu kungugu. Muziki inalia, inaisha. Muderhwa alielezea: "Amewaacha mbali sana, njo maana hatumuoni tena. Ameshinda dunia yote." Bakarudi kwao na furaha ya wiki muzima.

Sasa bote babili nywele imeshika majivu. Sibomana alirudi Rwanda na wazazi yake, akapata kazi mu jikoni ya bapadri, hapa Kamembe. Miaka yote ile anapeleka sahani ku meza, bapadri banaongea Kifaransa, masikio yake ikajifunza yenyewe, hata kama mukono haijui kuiandika. Muderhwa yeye alinunua kamiyo ya kwanza, akanunua ya pili, anapakia mizigo ya Bukavu na ya huku. Kifaransa yake ni ile ya barrière, kwa polisi ya mpaka: bonjour, chef, papier iko.

Ile siku, kule Gikundamvura, balikuwa banaenda kupokea mahari ya mutoto ya dada ya Drocella, muke ya Sibomana. Kamiyo ya kwanza iliondoka asubuhi na makreti ya vinywaji, viti, na bamama bote juu ya viti, Drocella mu katikati yao anaimba kama yeye njo anaolewa. Jules njo aliiendesha, mutoto ya kwanza ya Muderhwa, permis yake ya kuendesha ingali inanukia wino. Kamiyo ya pili ilibakia kungojea masufuria na tente.

Wakingojea mule ndani yake, Sibomana na Muderhwa babili tu, Muderhwa akafunga kioo, akagusa ile écran, televizyo ndogo ya mu kamiyo.

"Sibo, keti muzuri. Iko kitu."

"Kama ni ile ndombolo yako ya jana, mi nashuka."

"Funga kinywa, mzee. Angalia."

Muziki ikaanza, na Sibomana akainuka mu kiti. Ilikuwa ile desene! Mupwa ya Muderhwa alikuwa ameipata mu internet, akaitia yote mu clé ya USB.

Wakacheka mpaka machozi. Kumbe magurudumu haikuwa hata inazunguka muzuri! Kumbe miti ya kando ya barabara ni ile ile mitatu, inapita, inarudi, inapita! "Na tulikuwa tunalia juu ya hii?" Sibomana akasema. "Weye njo ulilia," Muderhwa akamujibu, "mi nilikuwa kazini." Wakaruka mpaka ile ya mwisho. Mulima ikafika. Kofia ya buluu akazima moteri. Mule ndani ya kamiyo bakasogelea écran bote babili, sawa batoto.

Gari ikaingia mu kungugu. Muziki ikalia. Na chini ya muziki, kulikuwa sauti ya mwanamuke, pole pole, sauti yenye bale batoto ya dirisha habakuitegea hata sikio. Sibomana akaisikia. Akaacha kuangalia écran.

"Anasema nini ule mama?" Muderhwa akauliza.

Sibomana akamuangalia. Ndugu yake alikuwa na furaha kama ya mutoto.

"Anasema... ameshinda."

"Unaona!" Muderhwa akapiga usukani. "Mi nilikuwa najua. Na ile kushuka, Sibo, mi nashukaka vile miaka yote, kamiyo ikiwa bule, bila mizigo. Unazima, unasikia upepo tu. Mazuti, ile mafuta ya moteri, haipotei. Jules nimemufundisha. Na leo asubuhi nimemuambia, pale kwa viraje ya kushuka Bugarama, zima, bamama basikie vile muntu anaruka."

Sibomana akashika mulango.

"Muderhwa. Nimekudanganya. Ule mama anasema, tulimungojea kule chini mpaka jua ikazama. Hakufika."

"Toka hapa."

"Anasema hakufika, bakamutafuta, bakapata kofia tu. Freni, ile breki, ilikufa."

Muderhwa hakucheka. Kwa sababu yeye ni muntu ya kamiyo, anajua. Freni ya kamiyo inakulaka upepo, na moteri njo inaleta ule upepo. Kamiyo bule, na mwenye kuizoea, upepo inaweza kutosha mpaka chini. Lakini na makreti? Na bamama juu? Na mutoto mwenye anakanyaga freni kila kiraje juu ya woga?

Wakaita Jules. Simu haipatikani ku réseau. Wakaita Drocella. Inalia, inalia, inanyamaza.

Masufuria bakaiacha pale pale chini. Kamiyo ikaondoka. Mvua ilikuwa imekatika, kungugu inapanda toka mu mabonde kama moshi ya kuni mbichi. Muderhwa alishuka na moteri inalia, vitesse ya chini, gia ndogo, macho ku barabara. Sibomana kichwa inje, anaangalia upande ya bonde. Kiraje na kiraje. Migomba, mihogo, muntu na muzigo yake. Hakuna kamiyo. Hakuna kioo ya kupasuka chini. Kila kiraje ikipita bila kitu, Muderhwa anasema, "Unaona, bamepita," na sauti yake inapungua.

Bakafika Gikundamvura. Bantu bakatoka mbio na kicheko.

"Karibuni! Nyie njo ba kwanza! Viti iko wapi?"

Muderhwa akageuza kamiyo.

Kupanda ni pole pole, na kungugu ilikuwa imeshuka kabisa. Sibomana akasimama ku marche-pied, ngazi ya kamiyo, mukono ku mulango. Njo pale ku kiraje yenye mugomba mumoja ulikuwa umelala kichwa chini, kama muntu ameukalia, akaona majani imefungua njia. Walipita hapo wakishuka, bakaona kungugu tu. Na toka mule chini, akasikia sauti.

"Weye Sibomana! Unaniangalia nini? Leta kamba!"

Drocella. Kitenge ikona damu, lakini anasimama, anatukana. Bamama bengine balikuwa banakaa mu migomba, mumoja anashika mukono, mwengine anahesabia benzake kwa sauti. Migomba njo iliwapokea. Sibomana akateleza mpaka kwake, akamushika, akamupapasa kichwa na mikono.

"Mi niko muzima," Drocella akasema pole. "Enda umusaidie Muderhwa, ameshakimbia kule kwa kamiyo."

Kamiyo ilikuwa imelala mbele ku jiwe, na mbele yake yote iliingia ndani. Jules alikuwa angali mu kiti, mikono ku usukani. Muderhwa alikuwa amepanda juu ya bati, anatoa vidole ya mutoto wake kimoja kimoja, haikukubali kuachilia.

"Papa," Jules akasema. "Nilizima, sawa ulisema. Kiisha freni ikakuwa kama jiwe."

"Nyamaza, mwanangu."

"Miguu siisikii. Tumefika?"

Muderhwa akainua macho, akamuangalia Sibomana. Sibomana akaangalia pale chini ya usukani, akageuza uso.

"Tumefika," Muderhwa akasema. "Bote bamekuja. Banapiga makofi."

Mule mu kungugu hakukuwa hata kofi moja. Jules akatega sikio, akangojea.