Kopo la Maswali

Nesi wa shule alikuwa na ujanja wake, na aliuringia. Kila alipomaliza somo la mahusiano, la kukubali na kukataa, la nani ana haki ya kukushika na nani hana, aliwagawia wanafunzi vikaratasi vya saizi moja na penseli za aina moja. Kila mtu aandike swali, kwa herufi kubwa tupu. Asiye na swali aandike SINA SWALI, asije mtu akajulikana kwa kukaa bure. Kisha vyote ndani ya kopo la biskuti. "Hata mimi mwenyewe sitakujua," aliwaambia, kifua mbele. Wanafunzi walimpenda. Walimbandika jina la Madamu Hapana, naye alijifanya kukasirika huku anacheka pembeni.

Siku hiyo alilifungua kopo saa nane na nusu, chumbani kwake, kati ya kitanda cha wagonjwa na kabati la dawa. SINA SWALI. SINA SWALI. UKIMPENDA MTU ASIYEKUPENDA UNAFANYAJE? Alicheka peke yake, akachukua kinachofuata.

NILIKUBALI MARA YA KWANZA. ANASEMA SASA SIWEZI KUKATAA. ANA PICHA ZANGU. LEO SAA KUMI ANANIPITIA NA PIKIPIKI. NI KWELI SIWEZI?

Aligeuza kikaratasi nyuma na mbele, hakuna kitu. Alilinganisha herufi na za vikaratasi vingine, zote zilifanana. Jamani, ujanja gani huu! Kamficha mtoto, kamficha mpaka yeye mwenyewe hajui amtafutie wapi.

Alitoka mbio hadi ofisini kwa mwalimu mkuu. Mkuu alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Polisi nawapigia sasa hivi," alisema. "Lakini niwaambie wamtafute nani?"

"Sijui, mkuu! Nakuambia sijui! Nizuilie lile darasa lisitoke saa tisa."

"Wote?"

"Wasichana tu. Wavulana waende zao, wataleta mzaha, na binti wa watu hatafungua mdomo mbele yao."

Basi wavulana wakatoka na makelele yao, wasichana thelathini na nane wakaingizwa ukumbini, wamenuna, njaa inawauma. Nesi alijikaza.

"Wanangu, kuna mmoja wenu kaniandikia. Hatachapwa, hatafukuzwa, na nyumbani hataambiwa mtu kabla hatujakaa chini mimi na yeye. Mwanangu, hata kama ulikubali jana, leo ukikataa umekataa. Mwenye kosa ni huyo mwenye picha. Wewe huna kosa, unanisikia? Huna."

Mtu akakohoa.

Akaanza kuwaita mmoja mmoja, nyuma ya viti vilivyopangwa pembeni. Ni wewe? Si mimi, madamu. Ni wewe? Wala, madamu. Mmoja akaangua kilio, na nesi, Mungu amsamehe, alifurahi. Akamkumbatia, akidhani kampata. Kumbe mtoto analia kwa woga tu, kwa kuwaona wakubwa wamechanganyikiwa. Saa ya ukutani haikuwa na huruma. Saa tisa na nusu. Kumi kasoro robo. Sasa nesi alikuwa haulizi tena, anasihi, hata wasichana wakaacha kununa, wakaanza kumwonea huruma.

Akabaki wa mwisho, kiherehere wa darasa, mdomo haupoi.

"Si mimi, madamu," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini kwani wavulana hawakuandika?"

Nesi alimkodolea macho. Miaka sita anafundisha somo lile. Miaka sita, na kila mfano ni binti akatae, kijana aache. Hakuwahi, hata siku moja, kumwambia mvulana kwamba na yeye ana hapana yake.

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamtoka, hakukirudia. Getini alimkuta mlinzi anafagia kibanda chake.

"Mzee, wavulana!"

"Wametoka kitambo, madamu. Saa tisa ileile." Aliegemeza ufagio. "Ila mmoja alikaa hapo kwenye benchi karibu saa nzima, anakuulizia. Nikamwambia madamu leo ana mambo ya wasichana, kama unaumwa njoo kesho. Akasema haumwi."

"Yuko wapi?"

"Si ndio kaondoka sasa hivi. Kaja mtu mzima na pikipiki, akampigia honi. Nikamuuliza, huyo ni mjomba wako? Hakunijibu, akapanda."

"Anaitwa nani? Mzee, anaitwa nani?"

"Sikumuuliza," alisema mlinzi, na sasa uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. "Nilijua wewe unamjua. Si alikuwa anakutafuta wewe?"

"Kimbia kwa mkuu! Mwambie polisi wanatafuta msichana, kumbe ni mvulana! Waeleze sura yake!"

Mlinzi alitupa ufagio. Nesi alishika barabara, mguu mmoja peku, kikaratasi mkononi, akimuuliza kila aliyekutana naye kama ameona pikipiki imebeba mtoto wa shule. Watu walimjibu, hawakumnyima jibu. Wameziona nyingi tu, ndio muda wa watoto kurudi nyumbani.