Mashine Aliyoileta Mjomba

Ya soda, shoga yangu! Nimemtuma mjomba mashine ya pedi, kaniletea ya soda! Ngoja nikae kwanza, hasira zimenipanda.

Unakumbuka zile mashine nilizokuambia, zinazouza zenyewe, unatumbukiza sarafu kitu kinadondoka? Matroni wa hosteli yetu ya wasichana alinikubalia ukuta mmoja, kwenye korido ya kufulia. Ila akasema kesho jua lisizame kabla hajaiona mashine imefungwa ukutani, la sivyo ukuta anapewa mwenye kantini, aweke kabati lake.

Basi tulikaa nyumbani, mimi, mama na mjomba, tukachambua mambo kama mchele. Mjomba ni fundi friji, kwa hiyo tukamwachia aanze. Akataka ya kahawa. Nikamwambia, mjomba, kahawa inataka maji, na bomba la pale linakohoa tu. Akahamia ya biskuti. Mama akasema panya wa hosteli watakuwa wateja wa kwanza. Ya soda je? Inakula umeme kutwa, na kantini iko mlango wa pili. Ikabaki ya pedi. Ndogo, inatundikwa ukutani, haitaki umeme, haiozeshi kitu. Na msichana akishtukizwa na siku zake duka limefungwa, anajua pa kukimbilia.

Mama akauza friza yake, ile ya kugandishia barafu za biashara, ndiyo ikawa mtaji wetu, akakabidhiwa mjomba akanunue mashine. Mjomba alikuwa anaitikia "sawa, sawa" huku anaangalia dari. Mimi nikadhani anakagua nyufa.

Leo gari la mizigo limerudi na mjomba, nimesimama uani na drili mkononi kama fundi mkuu. Wanashusha dude refu kuliko mlango, jekundu, limechorwa chupa inayotoka jasho.

"Mjomba, hii nini?"

"Si ndiyo mashine."

"Ya pedi iko wapi?"

"Hii ina kompresa nzuri sana. Hata ikifa, naifufua mwenyewe."

Mama akatoka jikoni na mwiko wake. "Kaka, umeulizwa swali, usijibu kompresa."

Ndipo akafunguka, sauti kama ya kuku aliyenyeshewa. Kumbe dukani wauzaji wote wasichana. Wakamuuliza anataka mashine ya kuuza nini, akasema "vile vitu". Vitu gani, baba? "Vile vya wenyewe." Wakaangaliana, wakacheka. Mjomba akanyoosha kidole kwenye mashine iliyokuwa karibu, akalipa, akakimbia.

Friza ya mama yangu imekwenda kwa kidole kimoja, shoga.

"Kaka," mama akasema polepole, na akisema polepole ujue kumeharibika, "tumelelewa nyumba moja, wewe na dada zako watatu. Vile vitambaa vilivyokuwa kambani ulidhani ni vya kufutia meza?"

"Dada, mtu mzima ana haya zake."

"Haya zako zinataka umeme kutwa."

Mimi nilitaka kumtolea maneno, lakini mjomba ni mjomba, nikalipiga teke lile dude. Kidole cha mguu kimevimba, ndiyo maana nimevaa kandambili za mama.

Nikamuuliza kama dukani wanabadilisha. Akasema wanabadilisha, mradi haijawashwa na arudi aliyenunua.

"Basi utarudi, na utaitaja wewe."

"Si utakuwepo, mpwa wangu? Utanisemea."

"Nitakuwepo kubeba. Kutaja utataja mwenyewe, kwa mdomo huohuo uliosema sawa, sawa."

Mama akaunga mkono kwa mwiko.

Sasa hivi nimemwacha uani, kasimama mbele ya lile dude jekundu, anafanya mazoezi. "Naomba mashine ya kuuza pe..." halafu anakohoa. Anaanza upya, anakohoa. Majirani watadhani anaumwa kifua.

Duka likifunguliwa kesho tuko mlangoni. Jioni ukiniona nakuja nachechemea kimya, jua ukuta umekwenda na kabati, usiniulize. Nikija mbio na kandambili mkononi, chemsha chai, nitakueleza alivyolitamka lile neno.