Injini Iliyozibwa Pumzi

Habari hii hakuna anayeijua vizuri kuliko anayeisimulia. Kuna sehemu ndogo tu hakuishuhudia, nayo ni mwanzo, kati na mwisho. Yaliyobaki aliyaona kwa macho yake, na masikio ya jirani yana kazi gani kama si kujaza mapengo.

Basi alikuwepo dereva mstaafu, mtaa mzima ukimwita Dereva, ingawa siku hizi alichoendesha zaidi kilikuwa mdomo. Gari lake lilikuwa kuukuu, la rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilivuja oili. Lilivuja mbele, likavuja nyuma, likavuja ubavuni. Dereva alilitandikia maboksi chini, kama mama anavyomtandikia mtoto anayekojoa kitandani. Kila asubuhi alichomoa kijiti, akapima, akaongeza oili, akalaani.

Aliyelaaniwa ni shemeji yake, Fundi, kaka wa mkewe. Miaka mingi nyuma Fundi aliifungua injini hiyo, akabadilisha gasketi zote na sili zote, ile mipira ya kuzuia oili, akalirudisha gari kavu kama sahani iliyofutwa. Haikupita wiki likaanza kuvuja upya. Dereva akalipeleka mpaka gereji ya shemeji yake, akasimama mbele ya wateja, akapaza sauti: "Huyu si fundi, ni mbahatishaji. Amenitilia mipira mibovu, halafu analeta mambo ya undugu."

Fundi, mikono imejaa grisi, alisema tu, "Niachie nilitazame, shemeji."

Hakuachiwa. Wateja wakaanza kupungua kimyakimya, na mwishowe Fundi akafunga gereji, akawa anaziba matobo ya baiskeli barazani kwake. Kwa dada yake akaacha kuja. Hata mama yao alipofariki, ndugu hao wawili walilia kila mmoja upande wake, Dereva amekaa katikati kama ukuta.

Mke wa Dereva alikuwa mtarizi wa foronya, mtu wa sindano, si wa kelele. Hakugomba. Alichokitaka ni kimoja: kumwona kaka yake amekalia tena kile kiti cha jikoni chenye mguu mfupi, ambacho ni kaka huyo tu aliyejua kukiegemeza ukutani kisimwangushe. Kwa hiyo siku gari lilipotoa moshi mpaka jirani akaanua nguo zake zikiwa mbichi, mke akasema bila kuinua macho:

"Nimemwita kaka aje alitazame."

"Gari langu?"

"Kwani kuna lingine linalokohoa hapa?"

Fundi akaja kesho yake, mgongo umepinda, mfuko wa vyombo begani. "Shemeji." "Shemeji." Salamu zikaishia hapo. Mke alichungulia dirishani, akabandika maji ya chai ya watu watatu.

Fundi hakugusa spana. Aliiosha injini kwa brashi na mafuta ya taa, akaikausha, halafu akaomba poda.

"Poda?" Dereva akauliza. "Unaitengeneza au unaipamba harusi?"

"Nataka iseme yenyewe inapovuja."

Poda ya mke ikaletwa, injini ikapakwa ikawa nyeupe, ikawashwa, wakangoja. Taratibu michirizi myeusi ikajichora kwenye ule weupe: chini ya kifuniko cha juu, kwenye sili ya mbele, na nyuma upande wa giaboksi. Kote kwa pamoja.

"Umeona," Dereva akasema. "Mipira yako hiyo."

"Mipira haichoki yote siku moja, shemeji. Hii oili inasukumwa kutoka ndani."

Akafungua kifuniko cha kumiminia oili, akaomba glavu ya jikoni, akalivisha lile tundu. Glavu ikajaa hewa, ikasimama wima, vidole vimetanuka, ikawa inawapungia mkono. Mke dirishani akacheka. Fundi akacheka. Hata Dereva alisahau kununa.

"Haipumui," Fundi akasema. "Hewa ya ndani ina bomba lake la kutokea. Likizibwa, inatafuta upenyo kwingine, na inatoka na oili."

Akazima injini, akachomoa bomba la mpira pale juu, akaingiza koleo kwenye tundu lake, akavuta. Kikatoka kipande cha kitambaa, cheusi, kimesokoteka kama mkia wa panya.

Dereva alikijua kabla hakijamalizika kutoka. Siku ile gari liliporudi kavu, alitaka kuwaonyesha majirani kwamba naye anaijua injini. Akachomoa bomba alisafishe. Akanyakua kitambaa kwenye kamba ya nguo, akakichana, akaziba tundu vumbi lisiingie. Kilichobaki akafutia mikono, akatupa. Akaitwa kula. Aliporudi ameshiba, akapachika bomba juu ya kizibo chake na kujisifu kwa kazi safi. Kwa sahani moja ya chakula alimfungia mtu gereji.

Maneno ya ukweli yalikuwa mafupi: ni mimi, shemeji.

"Ni hao wa gereji ya kona," akasema. "Waliwahi kulishika."

"Lilianza kuvuja kabla ya hao," Fundi akasema polepole. "Itakuwa ni mimi. Nilikisahau wakati nafunga. Miaka yote, shemeji, nikilala naifungua hiyo injini kichwani, boliti kwa boliti, sioni nilipokosea. Kumbe ni hapa. Ulikuwa na haki yako siku ile."

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Dereva akautazama, akapita dirishani.

"Binadamu tunasahau," akasema, akamshika bega. "Mimi nilishakusamehe zamani."

Uso wa Fundi ukalegea, na shukrani ile ilimuuma Dereva kuliko tusi.

Wakaingia jikoni. Fundi akakalia kiti chake, akakiegemeza ukutani. Dereva akajiambia: si amekuja, si amekaa? Kosa likibaki kwake kuna ubaya gani, ameshalizoea.

"Nipeni hicho kitambaa," mke akasema. "Kilichonitenga na kaka yangu nataka nikione sura."

"Uchafu huo, mke wangu. Tupa."

Mke akakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, akasugua. Maji yakawa lami, akamwaga, akatia mengine. Dereva akaanza kuzungumzia mvua. Mke akasugua tena, ukajitokeza uzi mwekundu, halafu ua, halafu jani lililopinda kidogo, kama yanavyopinda majani yote ya mkono wake.

Mke akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na foronya ya mto wa Dereva. Akaitandaza mezani kando ya kile kipande kilicholowa. Ua kwa ua, jani kwa jani. Fundi akaweka kikombe chini.

"Nilizitariza mbili," mke akasema. "Ya pili ilipotea kwenye kamba wiki ileile gari liliporudi kutoka kwa kaka. Nikakuuliza."

"Zamani sana hiyo, mke wangu."

"Ukala kiapo hapahapa kwamba umeuona upepo ukiichukua, ikapita juu ya paa. Hata ukanionyesha kwa kidole ilikoelekea."

Dereva akatazama dirishani, kulekule alikoonyesha.

"Sasa mwambie kaka yangu," mke akasema, akivuta kiti akae, "huo upepo ulijuaje kufungua boneti."