Mita Moja na Sentimita Tisa

Ofisini wananiita Bibi Desimali, na wanadhani nakasirika. Sikasiriki. Mtu akiniletea hesabu yenye tarakimu tatu baada ya nukta pale panapotakiwa nne, naisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, namwangalia, naye anaichukua na kurudi nayo alikotoka. Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Mleta chai ndiye mtu pekee anayeniuliza nimelalaje. Namjibu nimelala vizuri, na hapo mazungumzo yangu ya siku yasiyo ya kazi yanakuwa yamekwisha.

Mimi ni mkokotoaji wa ramani za upimaji. Kila kona ya kiwanja ina namba mbili, moja ya kwenda mashariki na moja ya kwenda kaskazini, zote zikihesabiwa kutoka nukta moja ya mwanzo iliyotajwa na sheria. Tunaziita koodineti. Watu wanafikiri mpaka wao ni ule ukuta au ule mti pale nyuma ya choo. Wanajidanganya. Mpaka ni namba iliyosajiliwa, na ukuta ni maoni ya fundi mwashi. Zamani nilikuwa nayasema haya kwa sauti kubwa, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huu sheria imebadilika. Ramani zote za zamani, zilizochorwa kwa futi, sharti zihamishiwe kwenye mfumo mmoja wa mita. Ikatoka kanuni yenye majedwali, na jedwali la kwanza likaeleza ni futi ipi hasa iliyotumika zamani, kwa tarakimu kumi baada ya nukta. Vijana wa ofisini walicheka. Futi ni futi, walisema. Sivyo. Futi ya ramani zile ni fupi kuliko futi inayofundishwa shuleni, ila tofauti yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, nyembamba mara ishirini na zaidi. Ukipima meza hutaiona, wala ukipima nyumba. Lakini ukihesabu futi laki nne kutoka nukta ya mwanzo mpaka mtaani kwetu, vijinywele hivyo vinajumlishana.

Karatasi ya mtaa wetu ilifika mezani kwangu Jumanne asubuhi. Kompyuta huweka wino mwekundu pale ambapo hesabu ya zamani na hesabu mpya hazipatani. Karatasi nzima ilikuwa ya wino mweusi isipokuwa mstari mmoja, nao ulikuwa mpaka kati yangu na dada yangu. Niliurudia kwa mkono mara tatu. Mita moja na sentimita tisa, kila mara.

Mstari ule niliuweka mimi.

Nieleze vizuri. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Dada alikuwa na kumi na nne, akaacha shule, akakalia cherehani ya mama, na cherehani ile ndiyo iliyonisomesha mpaka nikawa nilivyo. Baba alipoona nguvu zinamwishia aligawa kiwanja chake nusu kwa nusu, akaandikisha hati, na mstari wa katikati ukatajwa humo kwa koodineti za futi. Dada akajenga jiko lake upande wake, pale baba alipomwonyesha kwa fimbo. Miaka kumi na moja iliyopita, baba akiwa ameshazikwa, nikaamua kuupima mstari huo ili kila mmoja apate hati yake. Ofisini tuna jedwali la kubadilisha futi kuwa mita, nalo linafanya kazi lenyewe, hakuna anayeuliza ndani mwake mna nini. Lakini hii ilikuwa shughuli ya nyumbani, siku ya Jumapili, kwa kikokotoo changu. Nikatumia futi ya shuleni. Mpaka ukaangukia ndani ya jiko la dada.

"Hapana," alisema dada. "Baba alinionyesha hapa." Akaingia ndani, akatoka na utepe wake wa kupimia nguo, akainama kwenye jiwe la mpaka la nje, akaanza kupima kuja katikati, mita moja na nusu, alama kwa msumari, mita moja na nusu tena. Mwanamke wa makamo, akitambaa kwenye vumbi. Nami nilicheka. Nilicheka mbele ya wasaidizi wangu wawili walioshika vyombo vya kupimia. Nikamwambia, "Dada, leo sikuja kama mdogo wako. Nimekuja kama mpimaji."

Aliinuka, akakung'uta magoti, akakunja utepe wake. "Sawa, mpimaji," alisema.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili angepima kutoka jiwe lile la nje kabla ya kufungua mdomo. Mimi kiburi kilikuwa kimenipanda kichwani. Na yule aliyetakiwa kuikagua ramani ile aliona saini yangu akagonga muhuri. Nani angemkagua Bibi Desimali?

Dada aliubomoa ukuta wa jiko mwenyewe, tofali moja moja, kwa siku nne. Nilimwona dirishani na nikajiambia sheria ni sheria. Kisha nikajenga ukuta wa uzio juu ya mstari wangu, na tangu siku hiyo ninamjua dada yangu kwa kumsikia. Nasikia cherehani, nasikia kikohozi chake wakati wa baridi, nasikia anacheka na wateja. Nikisikia anacheka huwa nazima redio yangu.

Mkuu wa kitengo, kijana mwenye heshima zake, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Mama, hiyo ndiyo imekukalisha tangu asubuhi? Mita moja?"

"Na sentimita tisa."

"Kanuni inaruhusu tofauti ya hadi mita moja na nusu kwa ramani za zamani, mradi hakuna mgogoro. Kuna mgogoro hapo?"

Niliangalia jalada. Dada hakuwahi kuandika hata barua. "Hakuna," nikasema.

"Basi tia saini, mama, tusonge mbele. Karatasi mia mbili zinatusubiri."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Nikitia saini, kosa langu linageuka kuwa sheria na hakuna atakayelifukua tena. Miezi miwili ijayo nastaafu, naagwa kwa soda na hotuba, na jina langu safi. Nilishika kalamu. Roho ilinisuta, ndiyo, lakini si hiyo iliyonizuia, nisijipambe. Nilichokisikia chini ya aibu ile ni furaha. Nilikuwa nimepata sababu ya kugonga mlango wa dada yangu. Miaka kumi na moja niliitafuta sababu na sikuiona, kwa kuwa nilijiona niko sahihi, na aliye sahihi anakwenda kuomba nini? Sasa nilikuwa na kosa, kosa zuri, lenye ushahidi. Nikaiweka kalamu chini na kwenda kuchukua fomu ya marekebisho.

Siku hiyohiyo saa kumi jioni nilizunguka mtaa mzima kufika kwake, maana lango lake linatazama barabara ya pili. Kutoka jiko langu hadi jiko lake ni hatua nane. Kwa kuzunguka ni dakika kumi na mbili, na dakika zote hizo nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema nisamehe. Langoni nikapiga moyo konde, nikabisha.

Alikuwa anashona kola za sare za shule, lundo limemfika kiunoni. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, na mimi sikuwa na habari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo, usikalie kitambaa."

Nikakaa. Nikasahau mazoezi yote. "Nimekuja kwa habari ya mpaka," nikasema.

"Umefanya nini tena huo mpaka?"

"Nilikosea. Nilitumia futi isiyo yake. Mita moja na sentimita tisa, urefu wote wa kiwanja. Ni zako, dada. Jiko lako lilikuwa mahali pake."

Hakusimamisha cherehani mpaka kola ilipokwisha. "Mimi nilipata moja na kumi," alisema. "Utepe ulikuwa umelegea kidogo."

Nilitaka kucheka naye, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Kwa nini hukushtaki?"

"Nimshtaki nani? Nikasimame mbele ya watu niseme mtoto niliyembeba mgongoni ameniibia jiko?" Akakata uzi kwa meno. "Na wewe nani amekuambia umekosea?"

"Kanuni mpya. Jedwali la kwanza."

"Ahaa. Jedwali." Alichukua kola nyingine, akaigeuza, akaipangusa. "Mimi nilikuambia kwa mdomo wangu, ukacheka. Jedwali limekuambia mara moja, mbio mpaka hapa."

"Nisamehe, dada."

"Mbona nilishakusamehe zamani? Ningeishije hapa na hasira ng'ambo ya ukuta? Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa pili nilikuwa nachungulia langoni labda unakuja. Baadaye nikazoea." Aliyasema bila ukali wowote, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kwa hilo la kuzoea sikuwa nimejiandaa. "Haya, lete hiyo fomu," akasema. "Nina kola arobaini za kumaliza."

Nikampa. Aliisoma akifuatisha kwa kidole, akaandika jina lake, namba ya kiwanja, tarehe. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa wanauliza uhusiano."

"Uhusiano wa wenye viwanja viwili," nikasema. "Ukiandika ndugu, marekebisho yanapita wiki hiihii. Wasio na undugu wanabandikiwa tangazo kwanza, siku thelathini."

Dada alifikiri kidogo. Nilimwona akifikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayepima kabla ya kukata.

"Sina haraka," alisema, na kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba akaandika: *Jirani*.

Akatia saini, akanirudishia karatasi na kuvuta kola nyingine. Nikaisoma fomu mstari kwa mstari, kama ninavyozisoma zote, nikitafuta kosa nimwonyeshe. Sikuliona. Nikatia saini yangu chini ya yake.