Vidole Vitatu Shavuni

"Umeniharibia mkamwana!" Bi Nejiba alimfokea Mabruka. "Piko gani hii inapanda mpaka usoni?"

"Miaka ishirini na sita nachanganya piko yangu mwenyewe," Mabruka alijibu. "Maharusi wa Kairuani nimewachora mimi. Nani alitoka na uso mweusi?"

"Huyu hapa! Au nikuazime miwani?"

Huyu hapa ni binti yangu, Wiem, amekaa katikati ya ua, alama nyeusi za vidole vitatu shavuni. Jana jioni alijishika shavu kabla michoro ya piko mikononi haijakauka. Tulimwosha kwa sabuni, akatakata. Leo asubuhi alipanda darini kukausha nywele juani, akashuka hivyo. Na harusi ni leo usiku.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni, nimevaa glavu za kuoshea vyombo. Vyombo vilikwisha oshwa zamani.

Nina diploma, natunza maabara ya sekondari. Jana, Mabruka alipokwenda kunywa chai, nilimimina nitrati ya fedha kwenye bakuli lake la piko, ile tunayopimia chumvi kwenye maji. Ukiipaka haina rangi. Mwanga ukiipiga inakuwa nyeusi, na hakuna sabuni inayoitoa. Piko ya binti wa jirani ilipauka siku ya tatu, tukamcheka. Ya Wiem nilitaka idumu wiki mbili. Kila siku nawaambia wanafunzi kwa nini chupa yake ni ya kahawia. Shavu sikulifikiria.

"Toka," Bi Nejiba alimwambia Mabruka. "Na kila nyumba itasikia. Hutashika tena mkono wa bibi harusi mji huu."

Mabruka alianza kukusanya vijiti vyake vya kuchorea, kimoja kikamponyoka, akainama kukiokota. Anaishi kwa vijiti hivyo, yeye na mama yake mgonjwa.

"Mama, mbona umenyamaza?" Wiem aliuliza. "Si wewe unayejua madawa?"

"Mama Wiem atasema nini?" alisema Bi Nejiba. "Ana aibu ya kumleta huyu."

Nilivua glavu. Vidole vyangu vinne vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Nikaingia uani, nikavilaza mezani, mbele ya Bi Nejiba.

"Dada Mabruka, weka vijiti chini," nilisema. "Ni mimi niliyetia dawa kwenye bakuli lako. Na wewe Bi Nejiba, kila nyumba utakayoingia, taja jina langu."