Unga Uliogoma Kuzama

Mgeni aliingia karakanani bila hodi, akaibwaga pakiti iliyofunguliwa juu ya meza ya kufungashia.

"Nani ameandika hapa kwamba haina kafeini?"

Binti aliyekuwa akikaanga kokwa za tende alizima moto. "Mimi, kaka. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa! Daktari kamkataza mama yangu kahawa kwa sababu ya moyo, ndiyo maana anakunywa hii yenu ya kokwa za tende. Tangu tufungue pakiti hii, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio kama anafukuzwa. Anadhani anakufa. Ameshaanza kugawa sufuria zake!"

Binti aliivuta pakiti. Kokwa ya tende haina kafeini hata chembe. Kinachoifanya inukie kama kahawa ni joto, linapozikutanisha sukari na protini zake mpaka zigeuke kahawia. Hayo ndiyo aliyoyasomea, na kwa hayo mjomba wake, mwenye karakana, alimbandika jina la Maabara.

Alijaza glasi maji baridi, akanyunyizia unga wa pakiti ile. Unga wa kokwa ulizama papo hapo, ukiacha michirizi ya rangi. Lakini juu lilibaki tabaka jeusi, limegoma kushuka. Kahawa huelea hivyo, kwa mafuta yake.

"Mjomba!"

Mjomba alitoka stoo akipangusa mikono. Aliiona glasi, hakuhitaji kuelezwa.

"Aa, Maabara, usinitolee macho. Wateja walilalamika kwamba haiamshi. Nikaitia nguvu kidogo tu, vumbi la kahawa kutoka kwa wasagaji."

"Matapeli wenzako huchanganya kokwa kwenye kahawa. Wewe umegeuza! Hata utapeli umekushinda, mjomba?"

"Chunga mdomo. Nani kakulea?"

"Wewe. Ndiyo maana naona aibu."

Akamgeukia mgeni. "Kaka, niachie anwani. Kabla jua halijazama nitafika kwenu, nimweleze mama kwa mdomo wangu. Nakuahidi."

Mgeni alipoondoka, mjomba aligonga meza. "Ukiipeleka habari hiyo nje, acha ufunguo. Na ile nusu ya karakana niliyosema nitakuandikia, isahau!"

Nusu ile. Alikuwa ameshachagua kona ya kuweka pipa la pili la kukaangia kokwa, na ameshawaambia wenzake wa chuo wasio na kazi wakae tayari. Aliuvua ufunguo shingoni, akautupa mezani, akatoka.

Njiani alipita duka lililouza pakiti zao, akamsimamia muuzaji mpaka zote zikatoka rafuni.

Mama wa mgeni alikuwa ameketi kitandani, shuka begani. Alisikiliza yote bila kupepesa macho.

"Yaani sifi?"

"Ni kahawa iliyokusumbua, mama. Lakini daktari akuone tena."

"Nyie watu! Sufuria kubwa nimeshampa mke wa mwanangu, na yule harudishi kitu! Huyo mjomba wako yuko wapi nimpe vidonge vyake?"

"Hakutaka hata mimi nije. Kanifukuza kazi."

Mama alimtazama binti, ambaye vumbi la kokwa bado lilikuwa limemganda kwenye nyusi.

"Na bado ukaja?"

"Nilimwahidi mwanao," alisema binti, bado ana hasira na mjomba.